Kuchagua Programu ya Kuhamisha Faili kati ya Kompyuta Ndogo za Zamani na Kompyuta Kuu

Mtu anayetaka kuhamisha faili kutoka kompyuta ndogo ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwenda kompyuta kuu (mainframe), au kuitoa huko na kuileta kwenye disketi yake, aghalabu huanza kwa kuuliza ni programu ipi yenye kasi kubwa zaidi. Swali hilo lina nafasi yake, lakini likitangulia humpoteza. Programu iliyofanya kazi vizuri kati ya IBM PC mbili zilizounganishwa kwa simu inaweza kukwama kwenye pakiti (fungu la data linalotumwa kwa pamoja) ya kwanza kabisa ikielekezwa kwa mashine ya IBM ya familia ya System/370. Haikwami kwa sababu ni mbovu, bali kwa sababu njia iliyopo kati ya mashine hizo mbili hairuhusu baadhi ya baiti kupita. Kwa hiyo utaratibu ninaoushauri ni huu: chunguza njia kwanza, kisha aina ya faili, ndipo uchague programu, na hesabu ya kasi uiache mwisho.

Mwongozo huu unawahusu wanaotunza mashine hizo katika makumbusho na maabara za vyuo, wanaookoa data iliyobaki kwenye disketi, na wale wanaoendesha mifumo ya zamani ya IBM kwa kutumia Hercules, programu inayoiga kompyuta hizo kuu ndani ya kompyuta za leo. Mifano mingi ni ya mashine za IBM za Marekani, kwa kuwa ndizo zilizokuwa na masharti magumu zaidi, na anayeyaelewa masharti hayo hatasumbuliwa na mashine nyingine.

Ijue njia kabla ya programu

Kati ya kompyuta ndogo na kompyuta kuu ya IBM kulikuwa na njia tatu zilizozoeleka.

Njia ya kwanza ni laini ya kawaida ya ASCII, msimbo wa herufi unaotumiwa na kompyuta ndogo. Kompyuta ndogo huunganishwa kupitia tundu lake la RS-232, kwa waya wa moja kwa moja au kwa modemu na simu, hadi kwenye kidhibiti cha mawasiliano kama IBM 3705 au 3725, ambacho husimama mbele ya kompyuta kuu na kupokea wageni kwa niaba yake. Hapo kompyuta ndogo hujifanya terminali ya kuchapia, mfano wa teleprinta. Njia hii ndiyo ya bei nafuu kuliko zote, na ndiyo yenye vikwazo vingi, kwa hiyo inafaa tuitazame kwa utulivu.

Kikwazo cha kwanza ni biti ya nane. ASCII ina alama 128 tu, na biti 7 zinatosha kuziwakilisha. Biti ya nane ya kila baiti mara nyingi ilitumiwa kwa pariti, yaani alama ya kukagua kama baiti imefika salama. Faili ya maandishi haidhuriki na jambo hilo. Lakini faili ya programu au ya picha ina baiti za thamani yoyote kuanzia 0 hadi 255, na kila baiti inayozidi 127 ikipita kwenye laini ya namna hii hunyang'anywa biti yake ya juu na kufika ikiwa kitu kingine kabisa.

Kikwazo cha pili ni zamu. Laini hizi za IBM hazikuruhusu pande mbili kusema kwa wakati mmoja. Mazungumzo yalikwenda kama ya redio ya upepo, ambapo mmoja humaliza, husema "ova", ndipo mwenzake ajibu. Kompyuta kuu ilikuwa ikitoa ishara ya XON, ambayo ni alama namba 17 ya ASCII, kumaanisha kuwa sasa iko tayari kusikiliza. Chochote kilichotumwa kabla ya ishara hiyo kilipotea bila taarifa. Programu isiyojua kungoja XON haifai hapa, hata iwe na sifa nyingine nzuri kiasi gani.

Kikwazo cha tatu ni herufi dhibiti, yaani zile alama 32 za mwanzo za ASCII ambazo hazichapiki. Vifaa vya katikati huzichukulia kuwa ni amri zao wenyewe. Alama namba 13 humaliza mstari, alama namba 19 ambayo ni XOFF husimamisha mtiririko, na nyingine humezwa kimya kimya. Aidha kuna ukomo wa urefu wa mstari ambao mashine inaweza kuupokea kwa mkupuo mmoja, na ukomo huo ulitofautiana kutoka kituo hadi kituo. Zaidi ya hayo, kompyuta kuu za IBM hazikutumia ASCII bali EBCDIC, msimbo wa herufi wa IBM yenyewe, na tafsiri kutoka msimbo mmoja kwenda mwingine hufanyika njiani, kabla programu iliyo upande wa pili haijaiona data.

Njia ya pili ni kebo ya koaksi ya mfumo wa 3270. Terminali kama IBM 3278 haikutuma herufi moja moja. Iliweka skrini nzima katika kumbukumbu yake, mtumiaji akajaza nafasi zilizo wazi, na alipobonyeza kitufe cha kupeleka ndipo ukurasa ulipokwenda kwa kidhibiti cha 3274, na baadaye 3174. Kompyuta ndogo haiwezi kujiunga na mfumo huo kwa tundu la RS-232. Inahitaji kadi maalumu ndani yake. Kadi iliyofungua mlango huo ilikuwa IRMA ya kampuni ya Digital Communications Associates, iliyotoka mwaka 1982 na kuifanya PC ionekane kama 3278. IBM yenyewe ilifuata mwaka 1983 na mashine iliyoitwa 3270 PC.

Njia ya tatu ni kibadilishi cha itifaki (kanuni za mazungumzo kati ya mashine) kama IBM 7171, kinachokaa katikati na kuifanya terminali ya ASCII ionekane kwa kompyuta kuu kana kwamba ni ya 3270. Kwa mtu anayesoma skrini ni kifaa kizuri sana. Kwa anayehamisha faili ni mtego, kwa sababu kibadilishi hupanga upya kila kinachopita ili kitoshee skrini, isipokuwa programu ya upande wa kompyuta kuu ijue kukiamuru kipitishe data kama ilivyo.

Mashine za kampuni ya Digital Equipment kama DECSYSTEM-20 na VAX hazikuwa na shida hizi kwa kiwango hicho. Zilipokea herufi moja moja na kuzungumza pande zote mbili kwa wakati mmoja, na ndiyo maana mwongozo ulioandikwa kwa ajili yake hauwezi kumsaidia mwenye mashine ya IBM.

Kabla ya kugusa programu yoyote, basi, waulize waendeshaji wa kompyuta kuu, au soma katika kumbukumbu zao, mambo haya: laini inapitisha biti 7 au 8, pariti ni ya aina gani, zamu inatangazwa kwa alama gani, mstari mrefu kabisa unaopokelewa ni wa herufi ngapi, mfumo unaoendesha mashine ni VM/CMS au MVS yenye TSO, na je, IND$FILE, programu ya IBM ya kuhamisha faili, imewekwa. Majibu ya maswali hayo sita yatakuwa yameshafanya zaidi ya nusu ya uchaguzi.

Ijue faili yenyewe

Programu zote za kuhamisha faili hukutaka useme kama faili ni ya maandishi au ni ya baiti tupu, yaani baiti za kupitishwa kama zilivyo. Jibu hili ni zito kuliko linavyoonekana. Ukisema ni ya maandishi, baiti zitatafsiriwa kati ya ASCII na EBCDIC, na miisho ya mistari itageuzwa kuwa mipaka ya rekodi, yaani vipande ambavyo kompyuta kuu hugawia faili zake. Herufi A ni 41 katika ASCII kwa hesabu ya kumi na sita, lakini ni C1 katika EBCDIC. Nafasi tupu ni 20 huku na 40 kule. Tafsiri hiyo ikifanywa kwenye faili ya programu inayoendeshwa, faili hufika na urefu wake lakini bila uhai wake. Na isipofanywa kwenye barua, barua hufika ikiwa haisomeki.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye faili ambazo ni mchanganyiko, na hizi ndizo zilizojaa katika kompyuta kuu za ofisi. Programu za COBOL, lugha ya kuandikia programu za ofisi, zilikuwa zikiandika majina kwa herufi, lakini kiasi cha fedha ziliweza kukiandika kwa namna ya kubana, tarakimu mbili ndani ya baiti moja, na nusu ya mwisho ikionyesha alama ya kujumlisha au kutoa. Namba 12345 iliyobanwa hivyo huwa baiti tatu: 12, 34 na 5C. Sasa, 5C katika EBCDIC ni alama ya nyota. Ukihamisha faili hiyo kama maandishi, baiti hiyo itatafsiriwa kuwa nyota ya ASCII, yaani 2A, na namba itakuwa imeharibika bila programu yoyote kutoa onyo, kwa kuwa kwa macho ya programu uhamishaji umefanikiwa kikamilifu. Jina la mteja litasomeka vizuri na salio lake litakuwa la uongo. Dawa ni kuandika programu fupi upande wa kompyuta kuu inayozifungua namba hizo na kuziandika kwa tarakimu za kawaida, kisha kuhamisha matokeo hayo kama maandishi. Fanya hivyo pia kwa namba za baiti tupu na za desimali zinazoelea, kwa kuwa IBM ilitanguliza baiti yenye uzito mkubwa katika namba na kichakataji cha Intel kilichokuwa ndani ya PC kilitanguliza yenye uzito mdogo.

Jambo la mwisho kuhusu faili ni urefu wa rekodi. Faili nyingi za kompyuta kuu zilirithi safu 80 za kadi za kutoboa. Ukipeleka maandishi yenye mistari ya herufi 100 kwenye faili iliyotengwa rekodi za 80, herufi 20 za mwisho za kila mstari zinaweza kukatwa, au mstari kugawanywa mara mbili, kulingana na programu. Tafuta mstari mrefu kuliko yote katika faili yako kabla ya kuituma, na uitajie programu urefu huo.

Programu zenyewe

XMODEM iliandikwa na Ward Christensen mwaka 1977 kwa ajili ya kompyuta ndogo zenye mfumo endeshi wa CP/M, na sifa yake kuu ni wepesi: faili hukatwa vifungu vya baiti 128, kila kifungu hutanguliwa na alama ya kuanzia, namba ya kifungu na kinyume cha namba hiyo, na hufuatwa na baiti moja ya jumla ya kukagulia. Mpokeaji akiridhika hukiri, na asiporidhika huomba kifungu kirudiwe. Kati ya kompyuta ndogo mbili ni programu ya kuaminika, na ukiwa na toleo linalotumia CRC, hesabu ya ukaguzi iliyo makini zaidi, badala ya jumla ya kawaida, bora zaidi.

Kwa kompyuta kuu ya IBM kupitia laini ya ASCII, hata hivyo, sishauri kamwe kuijaribu. Tazama kifungu cha kwanza kinavyoanza: alama ya kuanzia yenye thamani 1, namba ya kifungu ambayo ni 1, kisha kinyume chake ambacho ni 254. Baiti ya 254 inahitaji biti zote nane. Kwenye laini ya biti 7 hufika ikiwa 126, mpokeaji huona kwamba namba na kinyume chake havilingani, naye hukikataa kifungu, tena na tena, hadi mtumaji akate tamaa. Hata laini ikiwa ya biti 8, kifungu cha 13 kina namba ambayo ni alama ya kumaliza mstari, na kifungu cha 19 kina namba ambayo ni XOFF. XMODEM pia haitumi jina la faili wala urefu wake, na faili hufika ikiwa imejazwa mwishoni hadi kutimiza kifungu cha 128. ZMODEM ya Chuck Forsberg, iliyotoka mwaka 1986, iliondoa kasoro nyingi za mtangulizi wake na ni programu hodari kwenye laini za simu, lakini nayo inadai biti 8 na mtiririko wa pande zote mbili, kwa hiyo haitatui shida tuliyonayo hapa.

Kermit ilizaliwa kutokana na shida hiyohiyo. Mwaka 1981, katika Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York, nafasi ya kuhifadhi faili za wanafunzi kwenye DECSYSTEM-20 ilikuwa haba, na wazo likawa kwamba kila mwanafunzi ahifadhi kazi zake kwenye disketi za kompyuta ndogo. Frank da Cruz na Bill Catchings walibuni itifaki iliyopaswa kufanya kazi kwenye kompyuta ndogo za CP/M, kwenye DECSYSTEM-20 na kwenye kompyuta kuu ya IBM ya chuo. Kwa kuwa IBM ilikuwemo tangu siku ya kwanza, itifaki ilijengwa kwa kudhani kwamba laini ni mbaya. Pakiti nzima, ukiacha alama moja ya kuanzia na ile ya kumaliza, ina herufi zinazochapika tu. Herufi dhibiti huvalishwa: alama namba 13 huandikwa #M. Baiti yenye biti ya nane, pale ambapo laini haipitishi biti hiyo, hutanguliwa na &, kwa hiyo 193 huandikwa &A. Herufi inayojirudia mara nyingi hufupishwa kwa alama ya ~ na hesabu yake. Na pakiti ya kawaida haizidi herufi 96, ili mashine yenye mdomo mdogo iweze kuimeza.

Kwa laini ya ASCII kwenda IBM, na kwa njia ya kibadilishi cha 7171, chaguo langu ni Kermit bila kusita. Toleo la kompyuta kuu linajua kukiamuru kibadilishi kipitishe data bila kuigusa, na toleo la kompyuta ndogo linajua kungoja XON. Kwenye PC yenye MS-DOS, kwa laini ya ASCII isiyopitia kibadilishi, mipangilio inayohitajika ni hii:

SET SPEED 1200
SET PARITY MARK
SET DUPLEX HALF
SET HANDSHAKE XON
SET FLOW NONE
SET TIMER ON

Mpangilio wa mwisho hupuuzwa na wengi, nao una sababu yake: kompyuta kuu ikiwa kwenye laini ya zamu haiwezi kuhesabu muda wa kungoja na kushtuka kwamba pakiti imepotea, kwa hiyo ni lazima kompyuta ndogo iwe ndiyo inayoshika saa. Matoleo ya MS-DOS yalikuja na mipangilio hii ikiwa imekusanywa chini ya amri moja, DO IBM, ingawa pariti ya kituo chako inaweza kuwa tofauti na inayodhaniwa humo.

Ukishaingia kwa amri ya CONNECT na kujitambulisha kwa VM/CMS, andika KERMIT, kisha RECEIVE. Rudi kwenye kompyuta yako kwa kubonyeza Ctrl na ] kwa pamoja na kufuatisha herufi C, halafu andika SEND na jina la faili. Faili zikiwa nyingi, ni afadhali upande wa kompyuta kuu uandike SERVER badala ya RECEIVE, kwa sababu hapo utaagiza kila kitu ukiwa upande wako: SEND kupeleka, GET kuleta, na FINISH ukimaliza.

Kwa njia ya koaksi hali ni nyingine. Hapo programu ya kuchagua ni IND$FILE ya IBM, inayokaa upande wa kompyuta kuu na kushirikiana na programu ya kuiga terminali iliyo kwenye PC. Hupitisha data ndani ya skrini zenyewe za 3270, na kwa kuwa kebo ya koaksi ina kasi kubwa kuliko modemu yoyote ya zama hizo, faili ya dakika nyingi kwenye simu huwa ya muda mfupi. Kupeleka barua kwenye CMS huandikwa hivi:

SEND BARUA.TXT BARUA TEXT A (ASCII CRLF

Neno ASCII linaagiza tafsiri, na CRLF linaagiza miisho ya mistari igeuzwe kuwa mipaka ya rekodi. Kwa faili ya baiti tupu, yaache maneno yote mawili. Kosa linalotokea mara nyingi ni kuandika moja na kusahau jingine: ukiandika ASCII bila CRLF, maandishi yatafika yakiwa yamesomeka lakini yameungana kuwa utepe mmoja uliokatwa kila mahali pasipostahili. Uzuri ni kwamba ujuzi huu haujapitwa na wakati, kwa sababu x3270 na nduguye wc3270, programu za leo za kuiga terminali hizo, bado zinahamisha faili kwa IND$FILE.

Lipo pia chaguo la kutotumia itifaki yoyote: unaiamuru kompyuta kuu ichape faili kwenye skrini, na programu ya mawasiliano ya kompyuta ndogo inaandika kila inachokiona kwenye disketi. Hakuna ukaguzi wala marudio, na kelele moja ya simu hubadilisha tarakimu bila mtu kujua. Ninalikubali kwa kazi moja tu, nayo nitaieleza baada ya hesabu ya muda.

Hesabu ya muda

Kwenye laini ya biti 1200 kwa sekunde, kila herufi hutumia biti 10 ukijumlisha za kuanzia na kumalizia, kwa hiyo hupita herufi 120 kwa sekunde, na faili ya herufi 100,000 ingehitaji kama dakika 14. Lakini programu zinazotuma pakiti moja na kungoja ikiriwe hazifikii hapo. Pakiti ya Kermit yenye herufi 91 za data huchukua takriban sekunde 0.8 kupita. Kompyuta kuu iliyozidiwa na watumiaji ikichelewa sekunde 2 kujibu, kila herufi 91 zinakugharimu sekunde 2.8, na faili ileile sasa inachukua zaidi ya dakika 50. XMODEM isingekuokoa sana, kwa kuwa nayo hungoja baada ya kila baiti 128.

Tiba ni pakiti ndefu, ambazo Kermit iliziongeza katikati ya miaka ya 1980. Kwa pakiti za herufi 1,000 na ucheleweshaji uleule, muda hurudi hadi kama dakika 17. Zipandishe hatua kwa hatua, 250, kisha 500, kisha 1,000, na usimame kabla ya pale kompyuta kuu inapoanza kuzikataa. Mbinu nyingine ya Kermit ya kutuma pakiti kadhaa bila kungoja kila jibu ni nzuri kwa VAX, ila kwenye laini ya zamu haina kazi, kwa sababu majibu hayana nafasi ya kurudi wakati wewe bado unasema.

Faili ya baiti tupu hulipa gharama ya ziada. Katika data isiyo na mpangilio, nusu ya baiti zinahitaji & na kama robo zinahitaji #, hivyo kwenye laini ya biti 7 faili huvimba kwa karibu robo tatu ya ukubwa wake. Faili ya maandishi haina mzigo huo, na ripoti zilizojaa nafasi tupu hata hupungua. Ukiweza kupata laini ya biti 8, itumie.

Programu ya kwanza inaingiaje?

Kermit haiwezi kujileta yenyewe kwenye kompyuta ndogo ambayo haina Kermit, na tundu la disketi ya kompyuta moja ya CP/M mara nyingi halikusoma disketi za nyingine. Waliosambaza Kermit waliliona hilo mapema. Toleo la MS-DOS liliwekwa kwenye kompyuta kuu likiwa limegeuzwa kuwa faili ya BOO, ambamo kila baiti tatu za programu huandikwa kwa herufi nne zinazochapika. Unaandika kwa mkono programu fupi ya BASIC, unaileta faili ya BOO kwa ile njia isiyo na itifaki, na programu ya BASIC inaigeuza kuwa programu kamili. Kwa CP/M kulikuwa na faili za HEX. Hii ndiyo kazi moja niliyoitaja. Ifanye kwa kasi ndogo, saa ambazo laini imetulia, na ukishapata Kermit inayoendeshwa, itumie mara moja kujiletea nakala mpya ya Kermit hiyohiyo, safari hii ikiwa na ukaguzi.

Jaribu kabla ya kuamini

Tengeneza faili mbili za majaribio. Ya kwanza iwe na baiti 256, kila thamani kuanzia 0 hadi 255 mara moja. Ipeleke kama baiti tupu, irudishe, na ulinganishe baiti kwa baiti. Usishangae ikirudi ndefu kuliko ilivyokwenda ikiwa umeihifadhi kwenye rekodi za urefu usiobadilika, kwa maana rekodi ya mwisho hujazwa. Chagua rekodi za urefu unaobadilika.

Ya pili iwe ya maandishi, yenye herufi zote kubwa na ndogo, tarakimu, mstari mmoja mrefu, na hasa mabano ya mraba, mabano ya mawimbi, mstari wima na alama ya ~. Hizi ndizo alama ambazo majedwali ya EBCDIC hayakukubaliana. Usitosheke kwa kuipeleka na kuirudisha, kwani jedwali lililokosea kwenda hukosea vivyo hivyo kurudi, na faili hufika nyumbani ikiwa salama huku kule kwenye kompyuta kuu ilikuwa na alama zisizo zake. Ifungue upande wa pili na uisome kwa macho.

Jaribio likishindikana, angalia lilipokwama. Likikwama kwenye pakiti ya kwanza, tatizo karibu kila mara ni pariti. Pakiti ya kwanza ikipita na kila inayofuata ikingoja hadi muda uishe, kagua XON. Uhamishaji ukifia mahali palepale kila unaporudia, kuna alama au urefu wa pakiti ambao kifaa cha katikati hakiupendi: fupisha pakiti kwanza, na ikiwa bado, itafute alama iliyopo mahali hapo kwenye faili. Ukifia mahali tofauti kila mara, laini ina kelele. Shusha kasi, na uchague ukaguzi wa herufi tatu kwa SET BLOCK-CHECK 3. Mipangilio ikishakubali, iandike yote katika MSKERMIT.INI, faili ambayo Kermit ya MS-DOS huisoma kila inapoanza, na uitunze disketi ya asili bila kuifuta hadi nakala iliyoko kwenye kompyuta kuu iwe imefunguliwa na mwenye data mwenyewe.